Siku Papa Atakapokanyaga Kwako

Gesti ya Kondoa,
Makambako.
16 Novemba 1997

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpe mama kabla hajaenda shamba. Huku tuko wazima kabisa. Lulu ametimiza miaka mitatu, meno yote yameota, na anayatumia kuwang'ata wageni. Mvua imeanza mapema na haina adabu. Barabara ya Songea imekatika, malori yamejipanga hapa mpaka karibu na reli, na madereva wanalala hata kwenye korido. Halfan anasema El Nino ni hasara ya malori na faida ya vitanda. Halfan ndiye mume wangu, Baba. Naliandika jina lake kwa makusudi kwa sababu wewe hulitaji, nisije nikasahau herufi zake.

Mama alifika kwetu wiki iliyopita kununua chumvi. Alikaa mpaka basi la mwisho.

Sasa nisikilize, maana nina jambo. Siku niliyoolewa, miaka minne iliyopita, ulisimama mbele ya watu wote wa kigango, wewe katekista wao, ukatamka neno. Ulisema: "Nitakanyaga nyumba ya Oktavia siku Papa atakapoikanyaga." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliolewa na Mwislamu, nikawa Hajira, na nikajua kwa maneno hayo umenifungia mlango wangu mwenyewe. Kutoka kwako hadi kwangu ni saa moja na nusu kwa basi, na hujafika hata mara moja. Mjukuu wako hujamshika mkono.

Basi, Baba, Papa anakuja. Jumapili ya Pasaka, saa saba mchana, atakuwa sebuleni kwangu, na atatoa baraka yake akiwa hapo. Halfan amenunua ungo.

Neno ni lako, mimi nakukumbusha tu. Njoo uingie mlango wangu, uketi, unywe maji. Sitaki zaidi ya hilo.

Barua hii anaileta Fidelia wa viazi. Mpe majibu akirudi sokoni.

Binti yako,
Hajira


Kigangoni, Njombe.
19 Desemba 1997

Oktavia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hutaitikia, lakini mimi nimesalimu.

Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imechanganyika na mvua na imenishika magoti. Mahindi yanakwenda vizuri isipokuwa ya bondeni, ambayo yamekwenda na mto. Mama yako yupo. Alikwenda tena Makambako kununua chumvi. Nimeangalia stoo, tunayo chumvi ya kutosha kuhifadhi ng'ombe wa kijiji kizima, na Njombe mjini maduka ya chumvi yamejaa. Sijamwuliza kitu.

Barua yako imechelewa kujibiwa kwa sababu Fidelia alilowa nayo njiani, ikabidi tuianike juu ya jiko. Nimeisoma mara mbili bila miwani na mara moja kwa miwani, na bado sijaielewa. Baba Mtakatifu angekuja Makambako, Askofu angetutangazia, na sisi makatekista tungekuwa tumeanza kufagia barabara kuanzia mwezi wa nane.

Kisha unasema huyo bwana amenunua ungo. Mama yako anazo nyungo tatu. Mmoja ameurithi kwa bibi yako. Tumepepetea ngano, maharage na ulezi humo, na hatujawahi kupepeta Papa. Kama ni ule ungo mwingine, wanaosafiria watu usiku, basi barua hii naiandika nikiwa nimesimama, na usinitajie tena.

Neno nililolisema nililisema. Radio yangu ya betri inatosha. Kila jioni naisikia Radio Vatikani kwa Kiswahili, inakoroma, lakini naisikia.

Kuna sweta ndani ya kifurushi. Ni la huyo mtoto. Mama yako amelifuma, mimi nilichagua rangi tu.

Baba yako,
Laurenti


Gesti ya Kondoa,
Makambako.
5 Februari 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Umeona? Nimeitikia, na ulimi haukuungua.

Tumemaliza Ramadhani na Idd tumeila vizuri. Nilikuwa nimekusudia kukuandikia mapema lakini mfungo na gesti yenye madereva arobaini havikai pamoja. Sweta limemkaa Lulu sawasawa. Hataki kulivua hata kuoga. Rangi ya zambarau umeichagua wewe kweli? Mama anasema ulisumbua duka zima.

Nilicheka ulipotaja nyungo za mama mpaka Halfan akatoka kuja kuuliza nani kafa. Ungo ninaousema ni sahani kubwa ya chuma, pana kuliko mlango, imesimama kwenye nguzo uani, mdomo wazi juu. Watu wote huku wanaiita ungo. Fundi aliyekuja kuufunga kutoka Mbeya alitueleza hivi: huko juu sana kuna chombo, setilaiti, kimesimama hakishuki. Watu wa mbali wanakirushia picha na sauti, nacho kinazimwaga duniani, na mwenye ungo anazikinga kama tulivyokuwa tukikinga maji ya bati la kanisa. Kutoka hapo zinapita kwenye waya mpaka kwenye televisheni. Amesema hata simu tunazopiga Posta kwenda nchi za mbali zinapita huko huko.

Baba, sikujua dunia ina watu wengi hivi wanaozungumza kwa wakati mmoja. Zamani tulikuwa na mkanda mmoja wa karate, na madereva wa njia hii yote wanaujua kwa moyo, wanasema "mpige!" kabla hajapigwa. Sasa dereva wa Lubumbashi ameuona mtaa wa kwao kwenye taarifa ya Kifaransa, akasimama, akaishika televisheni kwa mikono miwili. Mwalimu wa sekondari analeta wanafunzi wasikilize Kiingereza cha wenyewe. Majirani wa kike wanakuja kwa sinema za Kihindi. Hakuna anayejua Kihindi, na wote tunalia mahali pamoja. Halfan anaangalia picha ya mawingu iliyopigwa kutoka juu. Mwezi uliopita aliyaona yamejaa upande wenu, akalizuia lori lisiondoke, na kesho yake daraja likaenda. Dereva wake sasa anauamkia ule ungo asubuhi.

Lakini hilo silo la kukuambia. La kukuambia ni hili. Siku ya Krismasi mchana nilifungulia kituo cha Waitaliano, nikaona uwanja wa mbele ya kanisa la Papa. Baba, nikapiga kelele. Ni uwanja ule ule wa kalenda yako, ile iliyotundikwa ukutani kigangoni, uliyokuwa ukituonyesha kwa fimbo tukijiandaa Komunyo ya kwanza. Nguzo zile zile, mnara ule ule katikati.

Unaikumbuka pembe ya kalenda iliyoliwa na panya? Tulipokuuliza hapo pana nini, ulituambia ni zizi la farasi wa Papa. Miaka yote nimeamini hivyo. Baba, hapana zizi. Pana chemchemi. Maji yanaruka juu kuliko nyumba, meupe, hayachoki.

Halafu Papa akatokea dirishani, mzee, amejikunja kidogo kama wewe. Akasalimia mataifa, kila taifa kwa lugha yake, moja baada ya nyingine. Nilikaa nikingoja nikiwa nimeshika kitambaa cha meza. Akafika Kiswahili. Alikisema kwa tabu, lakini alikisema, humu sebuleni, na Lulu akamjibu "asante".

Siku ya Pasaka atafanya hivyo hivyo. Kiti chako kipo tayari.

Wako,
Hajira


Kigangoni, Njombe.
9 Machi 1998

Oktavia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Chemchemi? Una hakika? Upande wa kulia wa mtu anayetazama kanisa, au kushoto? Na maji yanatoka kwenye jiwe au kwenye bomba? Kuhusu zizi la farasi, nilikuwa nakisia. Mwalimu akiulizwa na watoto wa miaka minane hawezi kusema "panya wanajua".

Hatujambo. Tumo katika Kwaresima. Mianzi inatoa ulanzi mwingi mwaka huu kwa sababu ya mvua, na mimi nimeacha kuunywa mpaka Pasaka, kwa hiyo unaweza kujua hali yangu ilivyo. Mama yako amekwenda kununua chumvi.

Nilikwenda misheni kumwuliza Padre, si kwa ajili yangu, bali kwa elimu. Nikamwuliza: Baba Mtakatifu akibariki kule Roma, na mtu akawa anatazama kwa chombo cha namna hiyo, je, baraka inamfika? Padre akasema inamfika, mradi ana nia njema na anafuata wakati ule ule inapotolewa, si kwa mkanda wa kurudia. Nikamwuliza: hata kama chombo kipo nyumbani kwa mtu wa dini nyingine? Akacheka sana, akaniuliza Oktavia hajambo. Sikupenda alivyocheka.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Mimi nilisema "siku Papa atakapokanyaga". Picha ya mtu si mtu. Kama picha ya Papa ikiingia kwako ni Papa ameingia, basi na mimi nitakuletea picha yangu, ninayo ya pasipoti niliyopiga kwa ajili ya kadi ya chama, uiweke kwenye kiti na uinyweshe maji.

Lakini nimefikiri jambo. Hiyo televisheni ndani ni picha tu. Baraka yenyewe, kwa maelezo yako, inashuka kutoka juu na inagota kwenye ungo kwanza, kabla haijaingia kwenye waya. Na ungo uko uani. Ua si nyumba. Nikisimama uani sijaingia nyumba ya mtu, na neno langu liko palepale. Nitakuja Jumapili ya Pasaka baada ya misa ya kwanza. Nitakaa uani.

Swali la mwisho, na unijibu bila mzaha: ungo huo unaelekea Roma au unaelekea Maka?

Fidelia amekwishawaambia wanawake wote wa jumuiya. Sikumtuma.

Baba yako,
Laurenti


Gesti ya Kondoa,
Makambako.
24 Machi 1998

Baba,

Shikamoo. Milele amina.

Ungo unaelekea Iringa. Nimetoka na fundi, tumepima, ni Iringa. Chombo chenyewe kimesimama juu ya Bahari ya Hindi, Roma wanakirushia chao na Maka wanakirushia chao, nacho hakimwulizi mtu kadi ya ubatizo.

Chemchemi ziko mbili, kulia na kushoto. Maji yanatoka kwenye jiwe.

Uani ni sawa. Njoo uani. Halfan amesikia, na tangu jana anamwaga changarawe huko nje ili usikanyage tope, na amejinunulia kanzu mpya kwa ajili ya ua. Nilimwambia Papa hamwoni. Akanijibu hajipambi kwa ajili ya Papa.

Wako,
Hajira


Kigangoni, Njombe.
20 Aprili 1998

Mwanangu,

Nimefika salama. Basi lilikwama kwa muda njiani, tukashuka tukasukuma, na mimi nikasukuma pia ingawa kondakta alinikataza. Mama yako amepokea pilau mliyomfungia na ameila peke yake.

Nataka kukueleza mambo ya uani, kwa sababu wewe ulikuwa ndani na umati wako, hukuyaona yote, na mumeo nadhani hatakueleza. Nimemtazama, si mtu wa kujisimulia.

Asubuhi ile, kabla sijapanda basi, wanawake wa jumuiya walinisimamisha njiani. Fidelia alikuwa amewaambia kwamba Makambako kuna ungo unaopokea baraka ya Papa moja kwa moja. Wakanipa kikapu. Kulikuwa na rozari zao, za wajane wengi, na chupa za maji ya kubarikiwa. Mama yako akaongeza mfuko wa chumvi, ile chumvi yake yote ya Makambako. Nilibeba. Ningewaambia nini?

Mlipoingia wote ndani nikabaki peke yangu na kile chombo chenu. Sasa mimi ungo naujua tangu utoto. Ungo ni kitu cha kuwekea vitu. Baraka ikishuka humo, na vitu viko humo, vitabarikiwa. Nilisogeza jiwe, nikapanda, nikashika ukingo, nikaanza kupanga. Rozari nilizitundika kwenye ile mikono mitatu ya chuma inayokutana katikati. Chupa nilizilaza chini. Nilikuwa ndiyo kwanza nasukuma chumvi ikae vizuri, nikasikia nyumba nzima imelia kama imepigwa na radi, na wewe ukapaza sauti: "Halfan! Papa amepotea!"

Akatoka mbio katika kanzu yake nyeupe. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilisimama juu ya jiwe na mfuko wa chumvi mkononi. Aliutazama ungo, akanitazama mimi. Nakuambia kweli, nilingoja anitukane. Nusu ya moyo wangu ilitaka anitukane, ningepata sababu ya kuwahi basi la saa nane.

Akasema, "Baba, ungo umelemewa, umegeuka. Niruhusu nizishike mimi."

Akatoa chupa moja moja, akazisimamisha ukutani. Kisha akazitwaa rozari, moja moja, akazivalisha kwenye mkono wake kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Nikamwambia aziweke pale kwenye jiwe. Akasema, "Hapana, Baba. Tasbihi haiwekwi chini."

 Nimefundisha dini miaka thelathini, na hilo nilifundishwa mimi.

Ndipo akaingiza bega chini ya ungo na kuusukuma urudi mahali pake, na wewe ndani ukawa unampigia kelele kama utingo anayemrudisha dereva nyuma: "Juu! Juu kidogo! Umepitiliza! Rudi! Hapo, hapo, usipumue!" Akakaa hapo. Kila alipojaribu kuuachia, ungo ulianza kugeuka. Ikabidi ausimamie.

Kupitia dirishani nikasikia kengele, kisha Kilatini. Nikapiga magoti kwenye zile changarawe. Mumeo akanong'ona, "Baba, nimesimama kwenye njia ya baraka yako. Niinamishe kichwa?"

Nikamwambia, "Ukiinama picha itapotea. Simama hapohapo, mwanangu."

Neno lilitoka lenyewe. Sikulituma, na sikulirudisha.

Salamu za mataifa zilikuwa nyingi mno, sikujua Mungu ameumba lugha nyingi kiasi hicho.  Kisha nikakisikia Kiswahili. Nilikisikia wazi, mwanangu, hakikukoroma. Mtu wa Roma amenisalimu kwa maneno ninayoombea chumvi mezani. Nililia na sina haya.

Nikafumbua macho nikatazama juu. Nilikwenda kumwona Papa, na hata kofia yake sikuiona. Niliyemwona ni mumeo. Kanzu imelowa imemganda, mkono umejaa rozari za wajane wa Njombe, mvua inamdondoka puani, na midomo yake inacheza. Sijui alikuwa akisema nini. Mtu akisali hakatizwi.

Rozari nimezirudisha kwa wenyewe. Nimewaambia zimebarikiwa mara mbili. Hawakuelewa, na nimeacha hivyo.

Mwambie mumeo nimefika.

Laurenti


Gesti ya Kondoa,
Makambako.
11 Mei 1998

Baba yangu,

Shikamoo, na milele amina kwa salamu ambayo safari hii umesahau kuiandika.

Barua yako niliisoma jikoni, vitunguu vikapata lawama bure. Sikuwa nimejua hata nusu yake. Nilipokuwa nimekwisha kuipata picha niligeuka dirishani, nikaona kichwa chako chini na mgongo wa Halfan juu, sikusikia kitu. Ndani watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni: Wakatoliki wa mtaa huu, madereva, mama wa Kilutheri wa duka la dawa, na jirani yetu Hajati aliyesema amekuja kutazama chemchemi. Wote walimtazama Papa. Mimi, Mungu anisamehe, nilitazama ua.

Tangu siku hiyo namwuliza Halfan mlisemezana nini. Ananijibu: "Mambo ya watu wa uani." Nilipomsomea sehemu ya "simama hapohapo", alichukua taa akaenda kuangalia malori ambayo hayakuwepo. Bega lilimuuma wiki nzima na alikataa kuchuliwa. Fundi amekuja, ungo umefungwa kwa bolti kubwa zaidi, sasa hata ng'ombe akiegemea haugeuki.

Nimeona pia kwamba barua haikuandikwa "Oktavia". Wala haikuandikwa jina jingine. Sijauliza.

Lakini nina ugomvi nawe na nitausema. Ulikula pilau chini ya turubai la lori, mvua inanyesha, mlango wangu uko wazi, umbali wa kukohoa. Halfan akatoka akakaa nawe kwenye mvua. Mimi nikawa mwenyeji wa nyumba isiyo na mgeni wala mume. Nilicheka mbele za watu, Baba, na ulipoondoka nikakaa kwenye kile kiti nilichokuwekea nikalia, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa nzuri kuliko zote na bado haikufika ndani.

Na kuna jingine. Lulu alikupenda, ulipomwacha ashike ndevu. Sasa kila akisikia basi anakimbilia nyuma ya nyumba. Nilimwuliza anamtafuta nani. Akasema, "Babu wa Uani." Nikamwambia jina lako ni Babu Laurenti. Amekataa. Amewatangazia madereva wote kwamba ana babu wawili, Babu wa Kondoa na Babu wa Uani, na anadhani huko nyuma ndiko unakoishi. Juzi alikupelekea uji huko.

Mwezi ujao Kombe la Dunia linaanza, kule Ufaransa. Hilo ndilo hasa Halfan alilonunulia ungo, Papa alikuwa wangu. Papa hayumo katika timu yoyote, nimeuliza, kwa hiyo sina neno lako la kukushika nalo. Nakuomba tu.

Binti yako,
Hajira


Kigangoni, Njombe.
3 Juni 1998

Kwa mwanangu Hajira,

Kamwene. Nimeona nitumie salamu ya kwetu Wabena, ambayo haina kanisa wala msikiti, na wote wawili mtaiitikia.

Mama yako ameisoma hiyo "Babu wa Uani" kwa sauti mbele ya Fidelia. Sasa kijiji kizima wananiita hivyo. Jumapili, baada ya misa, Padre naye amenisalimu: "Babu wa Uani, hujambo?" Nimeishi miaka sitini na saba kupata heshima, na mtoto wa miaka mitatu ameimaliza kwa sentensi moja.

Nimefikiri kuhusu neno langu. Mimi ni katekista, siwezi kusema kitu na kinyume chake kwa mdomo mmoja. Kama baraka ya Papa ilifika kweli Makambako, na mimi nasema ilifika kwa sababu niliipokea kwa magoti haya, basi na Papa mwenyewe alifika. Siwezi kuchukua mzigo na kumkana aliyeuleta. Alikanyaga kwako Pasaka, saa saba mchana, mbele ya mashahidi. Neno langu lilitimia siku ile ile, na aliyebaki nje ni mimi na ukaidi wangu.

Kwa hiyo nakuja. Nitapanda basi la tarehe tisa pamoja na mama yako, ambaye safari hii hatanunua chumvi. Mpira siujui sana, ila nimesikia kuna nchi tano za Afrika, na mimi nitashangilia zote tano hata zikicheza zenyewe kwa zenyewe. Mwambie mkwe wangu Halfan asivae kanzu mpya. Mwambie pia aketi. Mechi zote mimi nataka aziangalie akiwa ameketi karibu yangu, na kama ungo ukigeuka, zamu ya kuushika ni yangu.

Kile kiti ulichokalia ukalia, kiache palepale.

Na Lulu akisikia basi, usimkataze kukimbilia nyuma. Mwache aende aangalie, aone hapana mtu, kisha umwite. Mwambie Babu wa Uani amehama. Yuko ndani.

Baba yako,
Laurenti